Irankunda ameshapita, faili la mtoto wa Ulyankulu liko wapi?

Nestory Irankunda, winga wa Australia, akifunga tu, simu za Kigoma zinawaka: "mtoto wetu huyo!" Ni kweli alizaliwa mkoani Kigoma, kambini, tarehe 9 Februari 2006, wazazi wake wakiwa Warundi waliokimbia vita. Hata jina lake halimsumbui Muha: Irankunda, yaani Mungu ananipenda. Ila aliondoka akiwa mchanga, na soka lote alilonalo kalipata Australia. Kwa hesabu za mpira, Kigoma haimdai hata senti tano.

Kinachofaa kutazamwa kwake ni namna karatasi zake zilivyotangulia miguu yake. Adelaide United walimchezesha ligi kuu akiwa na miaka 15, Januari 2022. Bayern Munich walimalizana nao Novemba 2023, lakini kijana hakuondoka hadi Julai 2024. Hakuwa majeruhi wala hakukosa tiketi. Kanuni ya 19 ya FIFA ya usajili na uhamisho inazuia mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhama nchi, isipokuwa kwa milango michache, kwa hiyo alisubiri miaka itimie, akamaliza msimu, akapanda ndege. Januari 2025 akapelekwa Grasshopper ya Zürich kwa mkopo, na mwaka huohuo akauzwa Watford. Uhamisho wote huo ulipita kwa sababu kuna faili linaloonyesha yeye ni nani, ni raia wa wapi na alisajiliwa wapi mwaka gani.

Sasa chukua kijana wa miaka 16 pale Ulyankulu, makazi ya Warundi mkoani Tabora, au Ujiji, au kambi ya Nyarugusu, mwenye mguu wa kushoto unaomfanya beki akae chini. Wazazi au babu zake walivuka kutoka Burundi au Kongo. Kipaji anacho, lakini ukiomba faili lake unaletewa picha ya pasipoti saizi na nakala ya cheti iliyofifia. Hapo ndipo vijana wetu wengi wanaishia, na si kosa la kocha wa Dar es Salaam.

Shida ya kwanza ni jina, na watu huidharau. Burundi ndugu wa tumbo moja hawalazimiki kuwa na jina la ukoo linalofanana: mmoja Niyonkuru, wa pili Ndayizeye, wa tatu jina lake jingine kabisa. Fomu zetu zinataka la kwanza, la baba na la babu. Matokeo yake kadi ya kambi inaandika Niyonkuru Eric, shule inaandika Eric Yohana, kanisa linaandika Erick J. Niyonkulu, kwa L, kwa sababu karani aliandika alivyosikia. Kwa mfumo wa usajili hao ni watu watatu. Tiba yake ni kukaa na mzazi siku moja, mkachagua mwandiko mmoja, na wakili au hakimu akathibitisha kiapo cha majina kinachotaja miandiko yote kuwa ni ya mtu huyohuyo. Baada ya hapo kila karatasi mpya ifuate mwandiko huo, hadi herufi ya mwisho. Kiapo kinachopatikana kijana akiwa na miaka 13 hakina maswali. Kikipatikana wiki moja kabla ya dirisha la usajili kufungwa, kila ofisa atakitazama mara mbili.

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi, ni karatasi ya pili, na hapa kuna kuchanganya kunakowaumiza wengi: cheti cha kuzaliwa si cheti cha uraia. Kinathibitisha kwamba mtoto alizaliwa hapa, tarehe hiyo, na wazazi hawa. Basi. Uraia unafuatwa Uhamiaji, na huko kwa vitendo wanauliza kwanza wazazi wako ni raia wa wapi. Cheti kinatakiwa kiombwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Baada ya hapo unaingia kwenye usajili wa kuchelewa, na utadaiwa ushahidi wa ziada: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule ya msingi, barua ya mtendaji. Kadi ya kliniki ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa sababu iliandikwa kabla mtu yeyote hajafikiria mpira. Mama akiichana kuwashia mkaa, kaunguza ushahidi.

Kwenye uraia, watoto hawa hawafanani, na kocha anayewaweka wote kwenye kapu la "Warundi" anajipotezea muda. Wa Ulyankulu, wilayani Kaliua, wengi wao ni wajukuu wa waliokuja mwaka 1972. Serikali iliwapa uraia wa tajnisi watu zaidi ya 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Kwa mtoto huyu kazi ni nyepesi: piga nakala cheti cha uraia cha mzazi, ithibitishwe, ikae na cheti cha kuzaliwa chenye jina lilelile la mzazi. Lilelile. Kama cheti cha tajnisi kinasema Ntahondi na cha mtoto kinasema Ntaondi, turudi kwenye kile kiapo.

Mtoto wa Nyarugusu ana hadhi ya ukimbizi, na hilo si aibu wala si mwisho wa soka. Lakini kutoka kambini kwenda hata kucheza mechi Kasulu mjini kunahitaji kibali cha Mkuu wa Makazi, na kibali kinaombwa mapema, kikitaja tarehe ya kwenda na ya kurudi. Timu zinazomtorosha kijana kwenye bodaboda akacheze ndondo Jumapili zinamweka kwenye hatari ya kukamatwa kwa sababu ya jezi. Kanuni za FIFA zina mlango kwa mtoto aliyekimbia kuokoa maisha yake, na mwingine kwa mtoto asiye raia ambaye ameishi nchini mfululizo miaka 5 au zaidi kabla ya maombi. Huu wa miaka 5 ndio unaowafaa wengi wa kambi zetu, maana wapo waliozaliwa humohumo. Ushahidi wake ni rekodi za shule za kila mwaka. Ripoti za darasa la tatu hadi la saba, zimepangwa, zina mihuri, zinafanya kazi ambayo hotuba ya wakala haiwezi.

Walio na kazi ngumu kuliko wote ni wa katikati: familia za Ujiji, Gungu na vijiji vya mwambao, ambazo babu alivuka ziwa kwa mtumbwi kuuza dagaa, akaoa, akabaki. Hawakuandikishwa kama wakimbizi wala hawakuomba uraia. Hawa wasianzie NIDA. NIDA inatoa vitambulisho vya raia, vya wageni wakaazi na vya wakimbizi, na ukifika bila kujua uko kundi gani unajifungia mlango mwenyewe. Waanzie ofisi ya Uhamiaji ya wilaya, wakiwa na mzazi mwenyewe, barua ya mtaa na majina ya babu na bibi wa pande zote mbili pamoja na mahali walikozaliwa. Majibu hayaji kwa wiki. Ukianza kijana ana miaka 14, una nafasi ya kupumua.

Kwa nini yote haya? Kwa sababu ligi kuu ina nafasi 12 za wachezaji wa kigeni kwa klabu. Kijana asiyeweza kuthibitisha uraia anahesabiwa humo, pamoja na kibali cha kazi na cha ukaazi. Klabu gani itakayotoa nafasi moja kati ya 12 kwa mtoto wa miaka 18 aliyetokea Kibondo, wakati nafasi hiyohiyo inamsubiri mshambuliaji wa Ghana? Hakuna. Kocha atasema "mzuri, ila bado," na kijana ataamini ni mguu wake uliokosea.

Hapo ndipo njia ya mkato inapojitokeza. Burundi wanatafuta vijana wa timu ya umri mdogo, mjomba yuko Bujumbura, pasipoti inapatikana. Kwa kijana ambaye hana uraia wa Tanzania, hilo laweza kuwa sawa kabisa. Saido Berahino alizaliwa Bujumbura, akakulia Uingereza, akachezea timu za vijana za England na mwaka 2018 akahamia Burundi, na hakuna aliyemlaumu. Lakini mtoto wa Ulyankulu ambaye wazazi wake ni Watanzania kwa cheti ana la kupoteza. Sheria yetu ya uraia hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Pasipoti ya pili aliyoichukua kwa ajili ya mashindano ya wiki mbili inaweza kumfanya mgeni Kaliua alikozaliwa. Uamuzi huo ufanywe na familia nzima, mezani, si kwa ujumbe wa WhatsApp wa saa nne usiku.

Kuhusu umri niseme kifupi, kwa sababu kila mtu anajua na kila mtu anafanya. Kumpunguzia kijana miaka miwili ili acheze UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kunampa medali ya kata na kumfungia bara zima. Mashindano ya Afrika ya chini ya miaka 17 hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono: mfupa ulioungana kabisa unamtoa mchezaji, hata cheti chake kisome nini. Na kijana mwenye tarehe mbili za kuzaliwa kwenye rekodi mbili ameharibu pia hesabu ya pesa, ambayo huanzia mwaka anaotimiza miaka 12.

Tuje kwenye pesa hizo, maana viongozi wa timu zetu za mtaa wanazisikia kama hadithi za abunuwasi. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo inakatwa na kugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Ndio mchango wa mshikamano. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka wa umri wa 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Timu ya Ujiji iliyomlea mtoto miaka minne ya kwanza inadai asilimia 1. Akiuzwa kwa dola 500,000, hizo ni dola 5,000, zaidi ya shilingi milioni 10. Timu ya Tabora iliyokaa naye mwaka mmoja akiwa na 17 inadai dola 2,500. Na si mara moja: kila anapouzwa nje kwa ada, hesabu inarudiwa.

Fidia ya mafunzo, pesa ambayo klabu mpya inawalipa waliomfundisha mchezaji, ni kitu kingine, na huku timu ndogo hupoteza bila kujua. Kijana akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, klabu zote zilizomfundisha tangu miaka 12 zinahesabiwa. Akisaini wa kwanza hapahapa Tanzania halafu akahama, fidia inakwenda kwa klabu ya mwisho tu, na timu ya mtaa inabaki na mshikamano peke yake. Si dhambi. Ila katibu ajue tofauti kabla ya kuanza kugombana na klabu ya Dar.

Na yote hayo yana sharti moja: usajili. Kumfundisha mchangani miaka minne, kumnunulia viatu, kumlisha, havihesabiki kama jina lake halikuingizwa kwenye mfumo wa TFF, shirikisho letu la soka, akapata namba yake ya FIFA, msimu kwa msimu, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia ofisi ya FIFA iliyoko Paris, na mfumo wa FIFA ndio unaotengeneza pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji kwa kuvuta rekodi zilizosajiliwa. Rasimu ikitoka, klabu na mashirikisho wana siku 10 za kuikagua na kudai misimu iliyosahaulika, wakiwa na fomu, orodha za mechi na leseni za wakati huo.

Siku 10 za kalenda, Jumapili imo. Na kwa timu zetu nyingi namba ya simu iliyoko kwenye mfumo ni ya katibu aliyehamia Kahama miaka mitatu iliyopita, na daftari la usajili liko kwa mkewe, mtaa wa Mwanga hapa Kigoma, chini ya kitanda, pamoja na mabomba ya baiskeli.