Dorothy Arzner na Hoja ya Uwezo

Jina la Dorothy Arzner, mwongozaji wa filamu wa Marekani, hutumiwa na pande mbili zinazopingana kuhusu Hollywood ya zamani. Upande mmoja humtaja kuwa ushahidi kwamba studio zilimpandisha yeyote mwenye uwezo. Mwingine humwona kuwa mwanamke aliyeruhusiwa peke yake huku wenzake wakizuiwa.

Hoja ya kwanza ina nguvu. Arzner aliingia mwaka 1919 kama mpiga taipu wa miswada katika kampuni ambayo baadaye iliitwa Paramount, akawa mhariri, na mwaka 1922 akahariri Blood and Sand, ambamo Rudolph Valentino aliigiza mpigana na mafahali. Badala ya kuiacha kampuni ipige upya mapigano yote, alichukua picha za mapigano halisi zilizokuwapo tayari, akaziunganisha na picha za karibu za Valentino. Gharama ikapungua sana, na sifa yake ikakua. Ndiyo maana, alipotishia kuhamia studio ya Columbia, Paramount ilimkabidhi aongoze filamu ya Fashions for Women, iliyotoka mwaka 1927. Miaka miwili baadaye, akiongoza The Wild Party, aliagiza maikrofoni ining'inizwe kwenye fimbo ya kuvulia samaki ili teknolojia mpya ya sauti isimfunge mwigizaji Clara Bow mahali pamoja. Huyu hakupewa kazi kwa huruma.

Hata hivyo, Margaret Booth na Anne Bauchens nao walikuwa wahariri hodari wa enzi hiyohiyo, na Bauchens alishinda Oscar ya uhariri, lakini wote wawili walibaki katika chumba cha uhariri. Inawezekana hawakutaka kuongoza, na ni haki kulikumbuka hilo. Lakini katika enzi ya filamu zisizo na sauti wanawake kama Lois Weber waliongoza filamu nyingi, ilhali katika miaka ya 1930, studio zilipokuwa zimekuwa viwanda vikubwa, Arzner alibaki karibu peke yake. Uwezo wa wanawake haukupotea ghafla ndani ya muongo mmoja.

Kwa hiyo naona kwamba uwezo ulimwezesha Arzner kudai nafasi, bali haukuigeuza nafasi hiyo kuwa njia ya wengine. Aliugua mwaka 1943 akiongoza First Comes Courage, na hakuongoza tena filamu ndefu. Ida Lupino, mwanamke aliyemfuata katika chama cha waongozaji, alianza kuongoza mwaka 1949 katika filamu ya kujitegemea, nje ya studio kubwa.