Nendeni Pwani Bahari Ikichafuka

Picha nyingi za minara ya taa na ngome za pwani ya Atlantiki, upande wa Ulaya na ule wa Marekani, hupigwa Julai na Agosti. Anga la buluu, bahari shwari, mnara mweupe juu ya mwamba, basi. Ukizitazama huwezi kujua mnara ule uliwekwa pale kufanya kazi gani. Mimi naona majengo haya yatembelewe vuli ya kule kaskazini, kuanzia mwisho wa Septemba mpaka Novemba yote, pepo zikiwa zimeanza kuvuma na umati wa likizo umesharudi makwao. Wakati huo jengo hujieleza lenyewe, na mpiga picha hana haja ya kulipamba.

Chukua miamba ya Eddystone, kusini mwa Plymouth, Uingereza. Henry Winstanley aliwasha mnara wa kwanza pale mwaka 1698. Novemba 1703 ilikuja tufani iliyofagia kusini mwa Uingereza nzima, na Winstanley mwenyewe alikuwa ndani ya mnara wake akisimamia matengenezo. Tufani ilipopita, mnara haukuwepo, naye hakuonekana tena. Uliofuata, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa mbao, uliungua mwaka 1755. Ndipo John Smeaton akajenga wa mawe yaliyochongwa yakashikana meno kwa meno, ukawashwa 1759, ukadumu zaidi ya miaka 120. Uliondolewa kwa sababu mwamba uliokuwa chini yake ulikuwa ukiliwa na maji. Jengo lenyewe halikuwa na kosa. Sehemu ya juu ikabebwa na kusimamishwa upya nchi kavu, kwenye uwanja wa Plymouth Hoe, na kisiki chake kimebaki baharini hadi leo, ubavuni mwa mnara wa sasa ulioanza kazi 1882.

Nani atayasoma yote hayo kwenye picha ya Julai? Njoo Novemba, mvua ikiwa imetoka kupita na hewa imesafishika, simama Plymouth Hoe na lenzi ndefu. Mbele yako una mnara wa Smeaton, rangi zake nyekundu na nyeupe; mbali kwenye upeo wa macho kuna ule wa sasa na kisiki kando yake. Katikati ni maji yaliyosababisha yote. Hiyo ndiyo picha ninayoitaka, na hailazimu maelezo marefu chini yake.

Halafu kuna jua. Katika latitudo ya Plymouth, jua la mchana wa Juni hupanda hadi nyuzi 63 hivi juu ya upeo. Mwishoni mwa Oktoba halizidi nyuzi 27 au 28. Maana yake ni kwamba hata saa sita mchana mwanga unakuja kwa ubavu, unapita juu ya ukuta na kuacha kivuli katika kila ufa, kila alama ya patasi, kila jiwe lililolika kwa chumvi. Ukuta wa ngome ambao kiangazi ulionekana bapa unapata mikunjo. Wapiga picha hupenda kusifu saa ya dhahabu, yaani muda mfupi baada ya jua kuchomoza na kabla ya kutua. Vuli hukupa kitu kinachokaribia saa hiyo karibu mchana kutwa, mawingu yakiruhusu. Na yasiporuhusu si hasara, maana jiwe la kijivu chini ya wingu zito lina uzuri wake.

Sasa niseme kero yangu. Watu wanafika mbele ya bahari iliyochafuka, wanafunga kichujio cheusi kwenye lenzi, wanaacha shata, kilango cha mwanga cha kamera, wazi kwa sekunde 30, na mawimbi yote yanageuka ukungu laini. Mbinu hiyo ina mahali pake, nakubali. Lakini kuitumia kwenye mnara wa taa ni kumfuta adui aliyefanya mnara ujengwe. Ukitaka wimbi lionekane jinsi linavyopiga, tumia 1/500 ya sekunde au kasi zaidi, povu lisimame hewani. Ukitaka mwendo kidogo, robo ya sekunde inatosha: maji yatachora mistari yanaporudi kutoka mwambani, na bado yatabaki maji.

Ushahidi ninao. Desemba 21, 1989, vuli ikifunga hesabu, Jean Guichard alipiga picha kutoka kwenye helikopta juu ya mnara wa La Jument, karibu na kisiwa cha Ouessant, Ufaransa. Wimbi limeuzunguka mnara pande zote mbili, na mlangoni amesimama mlinzi wa taa, Théodore Malgorn, aliyetoka aliposikia helikopta. Alirudi ndani na kufunga mlango akapona. Picha ile imezunguka dunia nzima, na nadhani nguvu yake haiko kwenye wimbi. Iko kwa mtu mdogo mlangoni. Anayesubiri watalii watoke kwenye fremu ndipo abonyeze kitufe anaitupa nusu ya picha. Acha abaki hata mmoja, ili jengo lipate kimo.

Nazaré, Ureno, somo hilo linaonekana waziwazi. Ngome ya São Miguel Arcanjo imekaa kwenye ncha ya jabali na mnara wa taa juu yake, na bahari ya mbele yake ina bonde refu la chini ya maji linalokuza mawimbi kuanzia Oktoba. Oktoba 29, 2020, mteleza mawimbi Sebastian Steudtner aliteleza hapo kwenye wimbi lililopimwa mita 26.21. Picha zinazosambaa zaidi huonyesha watu wamejazana juu ya ngome na ukuta wa maji nyuma yao, kana kwamba utawamwagikia. Ni kazi ya lenzi ndefu, inayosogeza vya mbali karibu. Wimbi hilo huwa linavunjikia mbele zaidi, upande wa Praia do Norte. Je, ni uongo? Sidhani, maana urefu wa wimbi ni wa kweli na watu ni wa kweli. Lakini napenda pia picha moja pana iwekwe pembeni yake, mtazamaji ajue umbali ulikuwaje.

Mont-Saint-Michel, kilima chenye abasia kwenye ghuba ya Ufaransa, kitu cha kuangalia kwanza ni jedwali la maji kupwa na kujaa, utabiri wa hali ya hewa baadaye. Bamvu, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, kubwa kabisa za mwaka huja karibu na siku usiku na mchana unapolingana, yaani Machi na Septemba. Wafaransa huzipa bamvu namba, kuanzia 20 hadi 120, na zikizidi 110 hivi kilima kinageuka kisiwa kwa muda. Fika saa mbili kabla ya maji kujaa, ukae mahali palipoinuka. Usithubutu kutembea kwenye mchanga wa ghuba ile peke yako.

Saint-Malo si mbali na hapo, na mawimbi yake ya bamvu yakipiga ukuta wa pwani huruka juu kabisa. Ila usidanganyike na ukongwe wa nyumba zilizo ndani ya ngome: nyingi zilijengwa upya baada ya moto na mabomu ya Agosti 1944. Kuta za kuzunguka mji ndizo zilizosalimika kwa kiasi kikubwa.

Kuhusu majani ya miti yanayogeuka mekundu wakati wa vuli, wanaokwenda jimbo la Maine, Marekani, kwa ajili hiyo wabaki bara kwenye misitu. Mnara wa Portland Head, uliowashwa Januari 1791, umezungukwa na nyasi na mwamba. Unachotafuta pale ni miamba iliyoivunja meli ya Annie C. Maguire mkesha wa Krismasi 1886, mabaharia wote wakaokolewa.

Ratiba nayo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo mwanzoni mwa Novemba jua la Plymouth huchomoza saa moja na ushei asubuhi na kutua kabla ya saa kumi na moja jioni. Juni ungeamka saa kumi usiku kusubiri mapambazuko na kukesha hadi saa tatu na nusu kusubiri machweo. Vuli unayapata yote mawili na usingizi wako kamili, ilimradi uwe umeuliza mapema kama ngome imeshapunguza saa za kufunguliwa.