Mwili Una "Bangi" Yake, Ila Hauitumii Hivyo

Watetezi wa bangi wana hoja wanayoipenda: mwili wenyewe hutengeneza kemikali za aina hiyo, basi msokoto huongezea tu kilichokuwamo. Nusu yake ni kweli. Mwaka 1992, timu ya mwanakemia Raphael Mechoulam mjini Jerusalem iliikuta anandamaidi, mojawapo ya kemikali hizo za mwili, kwenye ubongo wa nguruwe. Nayo hujishika kwenye kipokezi kilekile (sehemu ya seli inayopokea ishara), kiitwacho CB1, kinachoamshwa na THC, kemikali ya bangi inayolevya. Tena nabiloni, dawa inayopitia njia hiyo, huwapunguzia kichefuchefu wagonjwa wa saratani. Kulibeza jambo hilo kwa kuiogopa bangi ni kuwaonea wagonjwa.

Kinachosahaulika ni namna mwili unavyozitumia kemikali zake. Hauziwekei akiba. Seli ya neva ikizidiwa na ishara, hutengeneza kemikali hizi papo hapo kutokana na mafuta ya utando wake, nazo hurudi kwenye seli iliyotuma ishara na kuituliza. Kisha vimeng'enya huzivunja. Kazi imefanyika pale palipohitajika, ikaisha. THC haichagui mahali: huenea ubongoni na kukaa kwa saa kadhaa, ikigusa kumbukumbu, mwendo na hofu kwa mkupuo.

Kwangu ushahidi mzito zaidi ni rimonabanti, dawa ya unene iliyokwenda kinyume na bangi kwa kukiziba CB1. Ulaya iliiruhusu mwaka 2006. Majaribio ya mwaka mmoja yalipojumlishwa, waliomeza dawa walikuwa wamepungua kilo 4.7 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa ili kulinganisha. Lakini uwezekano wa kuacha matibabu kwa sababu ya sonona ulikuwa mara 2.5 ya ule wa wenzao hao. Na tukumbuke, waliokuwa na sonona tangu mwanzo hawakuingizwa katika majaribio hayo. Mtaani dawa ilikwenda kwa watu ambao hawakuchujwa hivyo. Mwaka 2008 ikasimamishwa.

Mtetezi atasema hilo linaonyesha ubaya wa kuziba, si wa kuamsha. Sikubali. Linaonyesha kwamba hamu ya kula na furaha ya mtu hupitia kipokezi kimoja, na anayekivuruga kwa upande wowote hachagui ataguswa nini. Hata monlunabanti, dawa nyingine ya kukiziba CB1 iliyobuniwa isiingie sana ubongoni, ilipopimwa na matokeo yake kutangazwa mwaka 2024, uzito ulishuka, na baadhi ya watumiaji wakapata wasiwasi, hasira za haraka na kukosa usingizi.