Semina za likizo zinazoishia kwenye slaidi

Jamani hii ya semina za walimu wakati wa likizo ndefu inaniudhi kweli. Tangazo linarushwa kwenye grupu la WhatsApp wiki ileile ya kusahihisha mitihani, unalifungua usiku uko hoi, unakuta dedilaini ishapita au fomu inataka barua ya mkuu wa shule na yeye ndo kashafunga ofisi, sasa hapo alikuwa anaalikwa nani?

Na ukibahatika kupata nafasi mtu anasimama mbele anawasomea slaidi kutwa nzima, tena mada ni jinsi ya kumshirikisha mwanafunzi, na nyie mmekaa kimya mnanakili. Hakuna anayesema haya shika chaki, wafundishe wenzako sehemu, tuone panapokwama. Mi ndo nnapotaka msaada hapo, mtoto akishikilia kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi kwa sababu nne inazidi tatu, nimchoree nini, nimuulize nini aone mwenyewe.

Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa mafunzo ya walimu, walishaliandika hili tangu miaka ya 1980, kwamba mwalimu anahitaji mazoezi, mrejesho na mtu wa kumfuata mpaka darasani baada ya mafunzo. Lakini shule zikifunguliwa hata simu hupigiwi!

Vifaa ndo usiseme, mnatumiwa linki ya mafaili yanayotaka muombe ruhusa kwanza na aliyeyaweka hajibu. Yaacheni wazi basi, na matangazo tupeni muhula ukiwa bado katikati.