Siku Ami Alipopimwa Umaskini

Katika harusi za Waswahili wa hapa Columbus, Ohio, michango haifunguliwi mpaka ami yangu aseme. Kipaza sauti kikimfikia huinuka, hutengeneza koti juu ya kanzu, hukohoa ili hata walioko jikoni wasikie, kisha: "Niandike mia tano!" Mia tano hizo hulipwa lini, hiyo ni siri yake na mweka hazina, ila makofi hayangoji risiti. Kazi yake ni kupakia mapipa na magari mabovu kwenda Mombasa. Kila akipokea simu huanza na "kontena yangu," hata kama aliyepiga ni mkewe anayetaka kitunguu.

Kwa hiyo nilipoolewa Lamu, nikamwacha mume wangu kule na kurudi Columbus kuanza makaratasi ya kumleta, nililala usingizi mzuri. Nina ami mwenye kontena.

Niseme kwanza mambo yalivyo, kwa ambaye hayajamfika. Marekani watakuuliza kidogo juu ya mapenzi yenu, wataangalia cheti cha kadhi na picha za harusi, kisha watahamia kwenye sufuria. Raia anayemleta mumewe ni lazima atie sahihi fomu ya udhamini iitwayo I-864, ya kuahidi kumtunza, na aonyeshe kwamba mapato yake hayapungui asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali kila mwaka. Mwaka 2024, kwa watu wawili, hiyo ilikuwa dola 25,550. Mimi nilikuwa nafanya shifti chache katika nyumba ya wazee huku nikisomea uuguzi, na mapato yangu ya mwaka yalikuwa dola 21,000. Nimepungukiwa na 4,550.

Sheria ina huruma yake. Pengo unaweza kuliziba kwa mali, na kwa mume au mke wa raia thamani ya mali hiyo iwe mara tatu ya pengo. Kwangu mimi ilikuwa dola 13,650. Na mali si lazima iwe yako. Hata ya huyo anayeletwa inahesabiwa. Nikamweleza mume wangu kwa simu. Mume wangu naye, kwa roho safi, akamweleza mamake.

Asubuhi yake simu ikaita.

"Sabalkheri, mwanangu. Nasikia Marekani wanauliza kama mwanangu ana kwao."

"Si hivyo, mama, wanataka tu..."

"Wanadhani nilimwokota ufuoni? Chukua kalamu."

Nikachukua. Alianza na minazi, akaenda kwenye miembe, akataja nusu ya nyumba ya mawe (nusu ya pili ni ya dadake ambaye hawasemezani, na hiyo nayo alitaka niandike, pamoja na sababu), halafu mashua, halafu punda wawili. Nilipoandika "punda 2" akanisahihisha: mmoja ana mimba. Tulibishana hapo kwa muda, kwa adabu. Juma lile lile akaenda kwa chifu akapata barua yenye muhuri, akamtuma kijana awapige punda picha kutoka pande zote, kama pasipoti.

Wakili wetu alikuwa mama wa makamo, anayejitolea kusaidia wahamiaji, na mwenye subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine anayevaa saa. Aliniambia mali inayokubalika ni ile inayoweza kugeuzwa pesa taslimu ndani ya mwaka mmoja bila kumtia mwenyewe katika taabu kubwa. Kisha akaanza kupitia orodha.

"Minazi ni ya mumeo?"

"Ni ya marehemu babake. Mirathi haijagawanywa."

"Punda?"

"Wa mama."

"Mashua?"

"Hiyo ni yake kabisa!"

"Vizuri. Iko wapi sasa?"

"Chini."

"Chini ya nini?"

"Ya maji. Kwa sasa."

Akaweka kalamu. Akachukua picha moja ya punda, akaitazama sana, akasema ni mzuri. Halafu akaniambia bado ipo njia ya mdhamini wa pili: raia au mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu), mkazi wa Marekani, aliyetimiza miaka 18, ambaye mapato yake yanatosha kwa watu wa nyumbani kwake na huyo mgeni juu. Fomu yangu ningeijaza vilevile, ipungue isipungue, na yake ikafuatana nayo.

Nilimwomba ami siku ya Idi, mbele ya watu, makusudi. Pilau lilikuwa limeshaliwa na alikuwa anatafuna tambuu.

"Hilo tu?" akasema. "Mwanangu, mimi nadhani unataka figo."

Watu wakacheka. Nikaona ni haki nimweleze ukubwa wa jambo, kwamba dhamana hii haiishi mpaka mume wangu awe raia, au atimize robo arobaini za mwaka za kazi, yaani kama miaka kumi, au aihame Marekani moja kwa moja, au afe. Tukiachana, dhamana iko palepale.

"Hata kwa talaka tatu?"

"Hata tatu, ami."

Akaacha kutafuna kidogo. Nilidhani ni tambuu imemkwama.

Siku ya wakili alikuja na suti, na mkewe, Mama Zuhura, nyuma yake. Mama Zuhura anafanya kazi ya kufua katika hospitali, ni mtu wa maneno machache, na alikuja kwa sababu funguo za kabati la karatasi anakaa nazo yeye. Alimpa wakili bahasha ya kodi, akajikalia pembeni na mkoba wake mapajani.

Wakili akasoma. Akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Biashara yako mwaka jana ilikubakishia dola 21,600."

Ami akacheka kicheko cha kontena. "Hiyo ni ya karatasi tu. Mhasibu wangu ni hodari." Akaanza kumweleza jinsi mhasibu alivyokata mafuta, simu, bohari, matairi, mpaka lile gari jeusi likawa chombo cha kazi. Na kweli alikata sawasawa, kila senti ina risiti. Tatizo ni kwamba mtu aliyehangaika mwaka mzima kuionyesha serikali kuwa hana kitu, hawezi kwenda kwa serikali ile ile, kwa fomu nyingine, akiwa tajiri. Wakili alimweleza hivyo kwa upole. Mapato ni hayo yaliyoandikwa.

Mimi nilikuwa nafanya hesabu kimya kimya. Ami wa kontena alikuwa amenipita mimi, mwanafunzi, kwa dola mia sita.

"Na hizi 35,400 hapa ni za nani?" wakili akauliza.

Ami akatazama dirishani. Mama Zuhura akainua mkono kidogo, kama mtoto wa shule anayeogopa kuitwa.

Jumla yao, basi, ni 57,000. Ami akapata nguvu, akakaa vizuri. Wakili akaanza kuhesabu vichwa: ami, mkewe, watoto watatu, na mume wangu. Sita. Kwa sita kilichotakiwa ni dola 52,450. Tumevuka! Nikaanza kumwandikia mume wangu ujumbe chini ya meza.

"Swali la mwisho," wakili akasema. "Umewahi kumdhamini mtu mwingine kwa fomu hii?"

"Hapana," akasema ami.

"Yule," akasema Mama Zuhura.

Kimya.

"Yule nani?" akauliza wakili.

"Yule wa Houston."

Ikabidi yatoke. Kabla ya Mama Zuhura, ami alikuwa na mke, akamleta kutoka Mombasa, akamtilia sahihi, wakaja wakaachana. Amechukua uraia? Hajachukua. Amefanya kazi? Sana, anapika sambusa na vitumbua nyumbani kwake na anauza mtaa mzima, ila kodi hajawahi kulipa, kwa hiyo hakuna robo hata moja iliyoandikwa mahali. Wakili akashika kalamu, akafuta 6, akaandika 7. Kwa saba ni dola 59,175. Tumeanguka.

Mama Zuhura alikuwa bado anaitazama ile saba. "Yaani miaka yote hii," akasema polepole, "yule yumo kwenye hesabu ya nyumba yangu?"

"Ni ya karatasi tu," ami akasema, kwa mara ya pili siku ile.

"Anakula kwangu na mimi sijui."

"Hali, mama Zuhura, ameandikwa tu."

"Ameandikwa wapi? Kabla yangu au baada yangu?"

Sijui mazungumzo yale yangeishia wapi kama wakili hangegonga meza. Alikuwa amepata njia, na nafikiri alikuwa anaifurahia. Yule wa Houston, alisema, ni deni la ami peke yake, maana sahihi ni ya ami. Mama Zuhura hakumdhamini mtu. Kwa hiyo Mama Zuhura akiwa ndiye mdhamini, vichwa vinarudi sita, na ami anaweza kuongeza mapato yake juu ya ya mkewe kwa fomu ndogo, I-864A, ambayo mtu hutia sahihi kama mwanakaya.

"Kama nani?" akauliza ami.

"Mwanakaya. Mtu anayeishi katika nyumba ya mdhamini."

Mama Zuhura hakucheka, hilo nampa. Alifungua mkoba, akatoa miwani, akaisoma fomu yake yote, ukurasa kwa ukurasa, tukimngoja. Akauliza maswali mawili ya maana kuliko yote niliyouliza mimi. Kisha akatia sahihi, akamsukumia mumewe ile ndogo na kumwonyesha kwa kidole mahali pa kuandika jina. Ami aliandika. Koti lilikuwa limempanda mabegani na hakulitengeneza.

Yaliyobaki yalikwenda kwa mwendo wake: dola 120 za kukaguliwa hati za udhamini, 325 za viza, vipimo vya afya, kungoja, kungoja. Siku ya mahojiano katika ubalozi wa Marekani pale Gigiri, Nairobi, mume wangu alifungua bahasha dirishani na kitu cha kwanza kutoka kilikuwa punda, kutoka mbele. Mamake alizirudisha picha zote kwa siri, pamoja na barua ya chifu, na safari hii kulikuwa na mtoto wa punda ndani. Afisa aliuliza hao ni nani. Mume wangu, kwa hofu, akasema, "Ni familia." Viza akapewa.

Alipofika uwanja wa ndege wa Columbus tulikuwa watatu kumpokea. Ami alimkumbatia, akawatangazia wapita njia kwa Kiswahili kwamba kijana huyu ameletwa na yeye. Mama Zuhura alimwacha amalize. Halafu akampa mume wangu koti zito, akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye makubadhi.

"Karibu, mwanangu. Wewe ni namba sita. Njaa ikikuuma mwambie mkeo. Ukitaka kwenda kuomba msaada wa chakula serikalini, uniambie mimi kwanza, kwa sababu ankara wanaweza kuniletea mimi. Na kazi utakayopata, lipa kodi. Nataka robo zako zote arobaini."

Mume wangu akanigeukia na kuninong'oneza: robo za nini?