Chanjo Isingoje Kondoo Watupe Mimba

Juzi nilisikia redioni kwamba chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa itaanza mara tu ugonjwa utakapothibitishwa, na chai ikakaribia kunitokea puani.

Ugonjwa huu, unaoenezwa na mbu, unaowatupisha mifugo mimba na kuua hata watu, si mgeni. Ulitambuliwa kwa kondoo wa Naivasha karibu miaka mia moja iliyopita, na inajulikana kwamba virusi vyake hujificha ndani ya mayai ya mbu wa jamii ya Aedes, yanayovumilia ukame kwa miaka mabondeni hadi mafuriko yayafikie. Adui anajulikana anakolala na kinachomwamsha. Mwaka 2006 wataalamu walisoma joto la bahari na picha za setilaiti wakatoa tahadhari mapema. Desemba watu walikuwa wakifa Garissa, chanjo ya mifugo ikaja baadaye, na mwaka uliofuata msiba ukatufikia hapa Dodoma.

Kuchanja wakati ugonjwa umekwisha kuingia zizini kuna hatari yake. Nilimshuhudia mchanjaji katika zizi la jirani akipita na sindano moja kutoka mbuzi hadi mbuzi, akiifuta kwenye suruali, mpaka ikapinda, akainyoosha kwa meno ya koleo na kuendelea. Ikiwa mmoja wa wale mbuzi alikuwa tayari na virusi damuni, sindano ile ilifanya kazi ya mbu, tena bila kusubiri giza. Zaidi ya hayo, chanjo ya zamani ya Smithburn inaweza kusababisha kondoo wenye mimba kuitupa, kama ugonjwa wenyewe ufanyavyo, kwa hiyo anayechelewa humfanya mfugaji aamini kwamba dawa ndiyo iliyomletea hasara, na mwakani atawaficha wanyama wake porini.

Kunyunyizia dawa madimbwi ni jambo jema, mradi bonde zima halijageuka ziwa. Kufunga minada kunasaidia, ingawa hakuna anayemwambia mfugaji atalipa ada ya shule kwa kitu gani.

Nakubali, shingo upande, kwamba mvua iliyotabiriwa inaweza isinyeshe, na ofisa aliyeagiza dozi zikaisha muda ghalani ataulizwa maswali. Asiyeagiza, ng'ombe wakifa, haulizwi chochote. Huitwa kwenye kikao cha dharura na kulipwa posho.

Nimemuuliza bwana mifugo wetu atakuja lini kuchanja. Amesema anasubiri barua.