Fundi hataki kuwa Mangi

Nina fundi wangu wa katambuga, vile viatu vya tairi, karibu na soko la Kilombero, hapa Arusha. Kwa miaka nimemsumbua: ajiri vijana, kopa, panua. Mwezi juzi nikamletea oda nono, jozi 200 za hoteli moja. Akaendelea kukata tairi, kisu akikilowesha kwenye kopo la maji kisije kikakwama, kisha bila kuinua macho akaniuliza, "Sasa kaka, nikikaa kusimamia hizo 200, mimi nitakata lini?"

Nilimwona mvivu.

Nadhani kosa liko kwenye neno lenyewe. Mjasiriamali, jasiri wa mali. Vilipokuja vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya Sh20,000 mwaka 2018, vya wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka, fundi, muuza mchicha na wa soksi begani wote wakawa kundi moja. Kwa mambo ya kodi, sawa. Lakini kinachomwamsha kila mmoja alfajiri si kimoja.

Mtafiti Melissa Cardon na wenzake waliandika mwaka 2009 kwamba shauku ya mjasiriamali huenda ikawa kwenye kubuni, kuanzisha au kukuza. Hapo kwenye kuanzisha nikamwona dada yangu wa Majengo, Moshi. Ameshafungua genge, banda la chipsi, saluni, sasa ni vifaranga. Siku ya kupaka rangi ukuta hung'aa kama bibi harusi; miezi sita baadaye anatafuta fremu nyingine. Ukoo mzima tunamwita kigeugeu, nami nilikuwa kinara. Ila saluni aliyoiuza inasuka watu mpaka leo.

Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, ndiye wa kukuza. Sukari au misumari, kwake ni mzigo tu, anataka duka la pili. (Na jina tumempa la watawala wa Wachaga!) Sina ugomvi naye. Kinachoniudhi ni semina: kila niliyohudhuria, mkufunzi anachora ngazi, na juu kabisa ni matawi. Fundi akikaa pale anaambiwa bado hajafika.

Ile oda nikampa kijana wa mtaa wa Unga Limited anayependa kuongoza watu. Viatu vikatoka kwa wakati. Nikampelekea fundi wangu kimoja akione. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akakigeuza, akanirudishia.

"Vitauzika," akasema.